Toba Tuliyoitafuta Garsen

Mmeniuliza nyote, kila mmoja kwa wakati wake: mmoja sokoni, mwingine kwenye simu, mwingine akimjaribisha mwanawe suruali ya shule huku mimi nina pini mdomoni siwezi kujibu. Mnataka kujua tulifikaje Kilelengwani, kwa nini safari ya kutwa iligeuka ya siku na siku, na kama ni kweli baba alitubu dhambi zake katika gereji ya Garsen. Naandika mara moja, msome, kisha mniache nishone.

Mombasa hadi Malindi

Baba mnamjua. Tangu maji yalipoingia Kilelengwani na kuondoka na nyumba yake, amekaa kwangu Kisauni, na miaka yote hiyo hakuwahi kupaita nyumbani. Alipaita "hapa kwenu". Hapa kwenu maji yana chumvi. Hapa kwenu ndizi hazinuki. Kila asubuhi alitoka nje akaangalia upande wa kaskazini, kana kwamba mto Tana ungeweza kukosea njia ukapita nyuma ya choo cha jirani. Nilimtania kwamba hata marehemu mama hakumlilia hivyo. Akanijibu, "Mamako aliniaga. Mto sikuuaga."

Mwaka huu akasema anarudi, na nilijua hazuiliki kwa sababu mabati na mbao vilikuwa vimeshafika uani. Kilichoninyima raha ni shangazi Hadija, dada yake mkubwa. Siku ya mafuriko, watu walipokuwa wakipakia vyombo kwenye mitumbwi, baba alisimama mbele ya kijiji kizima akasema anayebaki hapa hana akili. Shangazi alikuwa amesimama palepale, maji yako magotini. Alibaki. Hawakusemezana tena tangu siku hiyo. Na kwetu huchimbi hata shimo la nguzo kabla mkubwa wa ukoo hajakuonyesha mahali. Mkubwa wetu sasa ni yeye. Akikataa kuonyesha, baba angerudi Kisauni na mabati yake, na moyoni niliamini kwamba safari hiyo ya kurudi ingemmaliza.

"Baba, umempigia shangazi?" nilimuuliza tukifunga mizigo.

"Nimpigie nimwambie nini? Nikifika nitashusha kitanda changu."

Kitanda chenyewe ni cha mvule, kizito, na hakubali kifunguliwe. Pamoja na mbao ndefu pikapu yangu haikutosha, ndipo tukaazima trela ya jirani anayepeleka watu matangi ya maji. Fundi wa mtaani akaniunganishia nyuma ya gari chuma cha kuivutia. Alikimaliza upesi mno, akakipiga kofi akasema, "Hii hata meli inavuta." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Tuliondoka asubuhi. Kilifi tuliposimama kununua korosho, mtu mmoja alitaka kukinunua kitanda, akadhani tunakitembeza. Baba akapandisha kioo. Malindi tulikula viazi vya karai, au tuseme mimi nilikula. Yeye alishika kiazi chake mkononi mpaka kikapoa, akiniuliza kama naona hewa imebadilika. Sikuona chochote, lakini nilimwambia naona.

Malindi hadi pale chuma kilipong'oka

Tukavuka Sabaki, tukapita Gongoni na mashamba yake ya chumvi, barabara ikanyooka vichakani. Baba akaanza kuimba kwa sauti ya chini, wimbo wa kupalilia mpunga ambao nilikuwa sijausikia tangu utoto wangu. Sikuwahi kumsikia akiimba Mombasa. Nilipunguza mwendo ili asinyamaze.

Ndipo nyuma kukalia kishindo, kama sufuria kubwa iliyoanguka jikoni. Trela ilikuwa imeinamisha pua barabarani, imeshikwa na mnyororo wa akiba tu. Nilisimama pembeni. Baba alishuka kabla yangu, akaenda moja kwa moja kukitazama kitanda. Kilipoonekana kizima ndipo akaniuliza, "Na wewe mama, huna jeraha?"

Jua lilikuwa kali na kivuli hakipo. Baba akapanda trela, akakaa juu ya kitanda chake, akafungua mwavuli. Wakaja wafugaji wa Kiorma na ng'ombe wao, wakasimama kumtazama kwa huruma kubwa. Mmoja akanivuta kando.

"Mzee ni mgonjwa sana?"

"Si mgonjwa."

"Usifiche, dada. Mtu mzima hawezi bebwa na kitanda kama si mgonjwa. Hospitali ya Garsen si mbali."

Kabla sijamweleza, mwenzake alikuwa ameshampelekea baba maziwa kwenye kibuyu, akimwinua kichwa taratibu ili anywe. Baba, ambaye Kisauni hunywa maziwa akinung'unika kwamba ni maji ya chokaa, aliyanywa yote. Akajifuta ndevu. "Waambie nimepona," akasema. Wafugaji wakamshukuru Mungu kwa dhati. Walitusaidia kuisukuma trela nje ya lami, wakabaki nasi mpaka trekta lililokuwa linarudi Garsen likakubali kutuvutia mzigo. Baba hakutaka kuingia kwenye gari. Aliingia Garsen juu ya kitanda, mwavuli mkononi, na mji mzima ukamwona.

Garsen

Gereji tuliyoelekezwa ni ya Fundi Jilo, mtu mrefu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Aliingia chini ya gari langu, akatoka na kile chuma cha meli mkononi.

"Huyu alichomea rangi, hakuchomea chuma. Hapa wewe unataka toba yenyewe."

Nieleze, maana hapa ndipo yalipoanzia yote. Kile chuma cha nyuma ya gari kinachovuta trela, mafundi wetu wanakiita toba. Ni neno la Kizungu, "tow bar", lililopita gereji nyingi mpaka likachoka. Mimi nalijua kwa sababu namiliki gari. Baba hamiliki gari. Alikuwa ametoka kuswali alasiri, kofia kichwani, akafika wakati Jilo ananipa habari mbaya.

"Lakini Garsen hakuna toba."

Baba akasimama. "Hakuna toba? Garsen yote?"

"Hakuna, mzee. Ilikuwako moja, mtu wa Hola akachukua."

"Mtu mmoja akaichukua yote?"

"Ilikuwa moja tu, mzee. Sasa iliyobaki iko Golbanti. Lakini hiyo ni ya zamani, sijui kama itakubali."

Baba akanigeukia, uso umebadilika. "Mwanangu, mimi ni Mwislamu tangu kuzaliwa. Leo nikatafute toba Golbanti, kwenye misheni ya Wakristo?"

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya tairi. Nilipopata pumzi nilimweleza, naye hakufurahi. "Basi wakiite chuma," alisema. "Neno la Mungu si la kufungiwa nyuma ya gari."

Kwa bahati mbaya si yeye peke yake aliyesikia. Kando ya gereji alikuwepo Bi Zuhura wa Kipini, anayeuza chai ya maziwa ya ngamia na mahamri. Jilo alikuwa amewasha mashine ya kukatia vyuma, kelele tupu, cheche zinaruka.

"Wamtafutia babako toba?" Bi Zuhura aliniuliza akinimiminia chai.

"Ndiyo, lakini ni ya gari," nikajibu, hamri mdomoni.

"Na hapo mwenda kwa nani?"

"Kilelengwani, kwa shangazi Hadija."

Akaweka birika chini. "Hadija! Aa, sasa nimejua. Allah amkubalie babako." Nilidhani ni heshima za watu wa Kipini, nikaitikia amina. Kumbe neno "gari" lilimezwa na mashine, na dadake Bi Zuhura ameolewa Kilelengwani, na wanazungumza kwenye simu kila siku. Habari ikaanza kutembea mbele yetu: Mzee Saidi, ndugu yake Hadija, amesimama Garsen, ameshindwa kufika kwa aibu, anatafuta toba kwanza.

Baba alikataa gesti. Alilala juu ya kitanda chake palepale uani mwa gereji, na asubuhi akaniambia amelala vizuri kuliko miaka yote ya Kisauni. Niliumia kidogo. Kule nilikuwa nimemnunulia godoro zuri, feni nikamfungia.

Golbanti

Tulikwenda mimi na Jilo, vifaa vyake vya kufungulia nyuma ya pikapu, kwa Mama Hadulu, mwalimu mstaafu. Pikapu ya marehemu mumewe iko bandani, dada mkubwa wa hii yangu: kampuni moja, jina moja, ila yake ni ya miaka ya nyuma. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Nyuma yake ilikuwepo toba, ina kutu juu lakini ngumu.

Nilidhani tutafungua boliti na kuondoka. Mama Hadulu hakutaka hata kuzungumza habari hiyo kabla hatujala, na chakula chenyewe ndiyo kwanza kilikuwa kinawekwa motoni. Wali wa mchele wa kule mtoni, na kambare aliyepikwa kwa nazi mpaka mchuzi ukawa mzito. Jilo alikula kama mtu anayelipiza kisasi. Mimi nilikula nikikumbuka jiko la bibi yangu, na machozi yakanijia nikasingizia moshi.

"Hii itavuta nini?" Mama Hadulu aliuliza wakati Jilo anapigana na boliti zilizoshikana.

"Kitanda cha baba na mabati yake. Anarudi kwao."

Alimfukuza kuku mmoja. "Mume wangu alinunua gari hili ili anichukue shuleni kila Ijumaa. Nilikuwa nafundisha mbali. Ijumaa mpaka leo, saa za mchana, nasikia kama linawaka." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mwalimu anayeuliza hesabu ndogo, "Babako akishashuka, wewe utarudi na nani?"

Sikuwa nimelifikiria. Wallahi nawaambia, nilikuwa nimefikiria matairi, mbao, shangazi, chakula cha njiani, kila kitu isipokuwa kile kiti cha pembeni kikiwa kitupu. Nilimjibu kwamba nitarudi na redio. Alicheka, lakini alinishika mkono mpaka tukafika kwenye gari.

Garsen tena

Mimi ni mshonaji, kwa hiyo nililiona tatizo kabla Jilo hajatoka chini ya gari. Koti lilikatwa kwa mtu mwingine. Wenye kampuni, walipotoa magari ya miaka ya baadaye, waliitanua fremu ya nyuma. Toba ina tundu zake na fremu ina tundu zake; ukilinganisha upande mmoja, wa pili unabaki nje kwa upana wa vidole. Tena tairi la akiba lilikuwa limelala palepale chuma kilipotaka kupita.

Jilo akajaribu njia ya mkato kwanza. Alifunga upande mmoja, wa pili akauvuta kwa nyundo mpaka boliti ikaingia kishingoupande. "Sasa imekubali," akasema. Tukaivuta trela mpaka mwisho wa soko na kurudi. Ilitembea ubavu kama kaa, na watu walitoka madukani kuishangilia.

"Haijakubali," nikamwambia. "Imelazimishwa."

"Itazoea njiani."

"Jilo, nguo ikibana kwapani haizoei, inapasuka. Fungua."

Alifungua, akinuna. Basi akakata vipande viwili vya bati nene la chuma, akavitoboa: tundu za ndani zifuate toba, za nje zifuate fremu. Hakuchomea kitu kwenye fremu, alisema moto unaidhoofisha. Kila mahali boliti na washa zake. Tairi la akiba tukalihamishia chini ya kitanda. Hapo trela ikakaa na pua juu, uzito wote nyuma, kwa sababu gari langu limeinuka kuliko lile la zamani. Akakigeuza juu chini kipande kinachobeba ule mpira wa chuma, trela ikalala sawa. Zikabaki taa. Nikiwasha ya kushoto, trela inawasha ya kulia.

"Hata mimi Mombasa nilikuwa hivyohivyo," baba alisema kutoka juu ya kitanda. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akijitania.

Jilo akabadilisha nyaya, na tulipokuwa tunaaga, Bi Zuhura akanipa mahamri ya njia na ujumbe. "Hadija amejibu. Asema yuwamngoja. Asema aje aseme kwa mdomo wake, toba haitumwi watu."

Ndipo nilipoelewa amina yangu ilikuwa ya nini.

Darajani

Nilimwambia baba tukiwa karibu na daraja. Ningeweza kunyamaza, lakini nilimwona anavyokaza macho mbele, nikaona si haki aingie kijijini kwa maneno ambayo hakuyasema. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Geuza gari," akasema.

"Baba."

"Geuza. Watasema nimerudi nikitambaa. Sikutambaa."

Hapo daraja lilikuwa limeshafika na nyuma yetu kuna lori. Sikuweza kugeuza hata kama ningetaka. Nilivuka, nikasimama upande wa pili. Baba akashuka, akarudi kwa miguu mpaka katikati ya daraja. Mto ulikuwa umejaa wastani, rangi ya chai ya maziwa, unabeba matawi. Aliinama kwenye reli, akakaa hivyo. Sikumfuata. Kutoka pale nilipokuwa niliona mabega yake tu, na nilitamani niwe mdogo tena, nimshike kanzu, asiende mahali nisipoweza kwenda naye.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Hakutaja shangazi wala toba. Alifunga mlango akasema, "Twende, jua linapanda."

Kilelengwani

Tukaiacha lami ya Witu tukakata kulia, vumbi na mashimo, mashimo na vumbi. Nilisikiliza nyuma kila tulipotumbukia. Toba haikulia hata mara moja.

Watu walikuwa wamekusanyika. Habari ya mtu anayekuja kutubu huwa haikosi watazamaji. Shangazi Hadija alisimama mbele, amekonda, kanga kiunoni, miguu ina tope la shambani. Hakuja kufungua mlango. Baba alishuka, wakabaki wanatazamana, katikati yao nafasi ya kupita ng'ombe.

"Saidi. Nimesikia umetafuta toba Garsen yote."

Angeweza kuitikia tu. Wote pale wangesema alhamdulillahi, na kitanda kingeshuka.

"Ile ilikuwa ya gari," baba akasema.

Mtu mmoja nyuma akaguna. Shangazi akatembea taratibu mpaka nyuma ya pikapu yangu, akainama, akakitazama chuma, akakisukuma kwa mguu.

"Hii?"

"Hiyo."

"Hii ndiyo mliyokaa mkiitafuta siku zote hizo?"

"Ilikuwa ya gari lingine. Ilikataa."

"Ikafanywa nini?"

"Ikaongezwa chuma pembeni. Ikakubali."

Shangazi akainuka, mkono kiunoni. "Basi hiyo ya gari mimi nimeiona. Yako je?"

Baba alivua kofia. Sikuwa nimewahi kumwona akivua kofia mbele ya watu. "Nilisema anayebaki hapa hana akili," akasema, na alisema kwa sauti ileile ya kusikika na kijiji kizima. "Hadija, asiye na akili nilikuwa mimi. Miaka yote hiyo sikulala."

Nilitegemea kilio, au kukumbatiana. Shangazi hakufanya hata kimoja. Alichukua jembe lililoegemea ukuta, akatembea mpaka penye mnazi uliopinda, akavuta mstari mrefu ardhini.

"Maji yalifika hapa," akasema. "Wewe jenga juu ya hapa. Chini ya hapa usijenge, utanisumbua tena."

Kisha akawageukia watu kwa ukali. "Mnaangalia nini? Shusheni kitanda cha ndugu yangu, kabla hajalala juu ya gari."

Kurudi

Nilikaa mpaka nguzo zikasimama. Siku ya kuondoka baba hakuwepo. Alikuwa ameshakwenda ng'ambo ya mto na shangazi kutazama mpunga, na waliniachia ndizi na salamu. Nilingoja kidogo, nikapiga honi, nikaona haya, nikaondoka.

Trela tupu ina kelele kuliko iliyojaa. Ilirukaruka nyuma yangu mpaka Malindi, na redio haikushika stesheni yoyote. Kabla ya Gongoni nilijikuta napunguza mwendo pale alipokuwa akiimba. Hakuna aliyeimba.

Mnajua alivyokuwa akinipigia kazini. Wengine mmenicheka nikipima mtu kiuno huku simu iko begani: umekula, unarudi lini, mvua imenyesha huko uliko, kana kwamba soko na nyumba viko nchi mbili. Nilikuwa nikikasirika, nikimwambia baba nina wateja.

Juzi nikampigia mimi. Aliitikia akihema, nyuma yake maji yanasikika na shangazi anamgombeza kwa Kipokomo. "Mwanangu, niko shambani," akasema, "nitakupigia."

Hajanipigia. Nashona simu ikiwa mbele yangu kwenye mashine, kioo juu, na namkosa mpaka kifua kinauma, nami sitaki apige; asipopiga, najua yuko nyumbani.